Miaka Ambayo Jaji Hawezi Kuipunguza

Nyumbu mmoja ana bei mahakamani: dola 650 za Marekani. Bei hiyo huonekana kwenye hati za mashtaka za wilaya zinazopakana na Serengeti, iwe mshtakiwa alikutwa na mzoga mzima au na paja moja lililokaushwa ndani ya kiroba, kwa sababu kinachohesabiwa ni mnyama aliyekufa, wala si kilo zilizobebwa. Ofisa wanyamapori hupanda kizimbani, hueleza jinsi alivyoitambua nyama kwa ngozi, mkia au kwato, kisha hutoa hati ya thamani. Dola zikigeuzwa shilingi hupita milioni moja. Kwa mtu wa Bunda, Mugumu au Tarime atakayetiwa hatiani, hesabu inayobaki ni ya miaka. Kosa hilo huhesabiwa kuwa uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo cha miaka 20 hadi 30.

Hakimu anaweza kumtazama mtu aliyesimama mbele yake na kuona kwamba hakuwa na bunduki, bali panga, kisu na nyaya za kutegea. Anaweza kuona kwamba ndilo kosa lake la kwanza. Akishasema ana hatia, hawezi kushuka chini ya 20.

Magazeti yetu huandika habari hizi kwa mtindo mmoja. Mshtakiwa alipopewa nafasi ya kujitetea aliiomba mahakama impunguzie adhabu kwa kuwa ana mke, watoto na wazazi wanaomtegemea. Upande wa mashtaka ukaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Halafu hakimu akatamka. Msomaji hudhani kwamba baina ya ombi na tamko kulikuwa na mizani iliyopimwa. Kwa makosa mengi mazito nchini, mizani hiyo haipo. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka isiyopungua 30. Kubaka ni vivyo hivyo, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa, na hukumu hiyo haina mbadala isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18. Katika kesi ya mauaji, wakili anapoulizwa kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu, mara nyingi hujibu kwamba sheria imetoa adhabu moja tu.

Sura hii inahusu kinachotokea mikono ya jaji inapofungwa namna hiyo. Nimesoma hukumu za rufaa kutoka Mwanza, Musoma, Bukoba na Shinyanga kwa muda mrefu, na jambo moja hunijia kila mara: maji yaliyozibwa njia moja hutafuta nyingine. Jaji asiyeweza kugusa miaka hugusa hatia. Hukumu za mahakama za juu zimebadilisha sana vifungo vya watu wa Kanda ya Ziwa, lakini si kwa kupunguza miaka 30 ikawa saba. Zimefanya hivyo kwa kuhoji mwanga wa taa, saini ya kibali, maelekezo kwa wazee wa baraza, na nyama iliyoteketezwa bila mshtakiwa kuiona.

Mazoea ya kumpangia hakimu kiwango cha chini tulianza nayo mapema. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ilikuja na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, ili aliyesahau vya kwanza akumbushwe na vya mwisho. Sheria mpya ya mwaka 1972 iliviondoa viboko, na mwaka 1989 vikarudi. Mwaka huohuo wa 1989 adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ilipandishwa hadi miaka 30, na mwaka 2004 kosa hilo likapewa kifungu chake lenyewe katika Kanuni ya Adhabu. Kila hatua ilikuwa jibu kwa hofu ya kweli. Watu walikuwa wakivamiwa majumbani, kwenye mabasi na ziwani. Bunge lilijibu kwa kitu pekee ambacho huonekana haraka, yaani idadi.

Mwanza ilikuwa na bahati ya peke yake katika historia hii, na ni ajabu jinsi inavyosahaulika. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya tano ya mwaka 1984, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla ya mwananchi yeyote kuruhusiwa kwenda mahakamani kuzidai. Muda huo uliisha Machi 1988. Wakati huo Mahakama Kuu ya Mwanza ilikuwa na Jaji James Mwalusanya, na ilisikiliza pia mashauri yaliyotoka Musoma na Bukoba. Jaji huyo hakusubiri wenzake wa Dar es Salaam waanze.

Mwaka uleule wa 1988, katika shauri la Chumchua Marwa aliyekuwa akishikiliwa katika gereza la Musoma, alitamka kwamba sheria ya kikoloni ya mwaka 1921 iliyoruhusu mtu kuhamishwa kwa amri kutoka kwao hadi sehemu nyingine ya nchi inapingana na Katiba. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la urithi sawa na mwanamume. Katikati ya hayo likaja shauri la Daudi Pete, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi hapa. Pete alikuwa ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilikataza dhamana kwa kosa hilo hata kama hakimu angeona kwamba hatakimbia. Mwalusanya alisema katazo hilo linamnyang'anya hakimu kazi yake na kumnyima mtu uhuru bila utaratibu wa haki. Serikali ilikata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba.

Uamuzi huo ulikuwa wa dhamana, lakini swali lake ndilo lilelile la adhabu: je, Bunge linaweza kumwambia hakimu afunge macho asimtazame mtu aliye mbele yake?

Mwalusanya alilifuata swali hilo hadi mwisho wake akiwa Dodoma. Juni 1994, baada ya kumtia hatiani Mbushuu, aliyejulikana pia kama Dominic Mnyaroje, na mwenzake kwa kosa la mauaji, alikataa kuwahukumu kunyongwa. Alisema adhabu ya kifo ni ya kikatili, inamtweza mtu, na inapingana na Ibara ya 13 na ya 14 za Katiba. Akawapa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitoa jibu ambalo hadi leo nalisoma kwa uzito moyoni. Majaji watatu, Makame, Ramadhani na Lubuva, walikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na ya kutweza. Kisha wakasema Ibara ya 30 inairuhusu, kwa kuwa ni sheria halali inayolinda jamii. Kifungo cha maisha kikatenguliwa, kitanzi kikarudi. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu ya kifo kwao, na katika hukumu yake iliujadili uamuzi huo wa Tanzania.

Kilichofuata hakikupigiwa kelele, lakini uzito wake ni mkubwa. Sheria namba 33 ya mwaka 1994 iliweka utaratibu mpya: maombi ya kupinga sheria kwa misingi ya haki za kikatiba yasikilizwe na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Jaji mmoja wa Mwanza, akiwa na faili la mfungwa mmoja wa Musoma mezani, hakuweza tena kufanya alichofanya Mwalusanya.

Hapo ndipo njia nyingine zikaanza kubeba mzigo.

Chukua unyang'anyi wa ziwani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo majambazi wanaovamia mitumbwi kupora injini na nyavu huwakuta watu katikati ya maji, kwenye giza lilelile walilolichagua kwa kazi yao, na taa zilizopo zimeelekezwa majini. Shahidi anasema alimtambua mtu. Alimwona kwa mwanga gani? Kwa umbali gani, kwa muda gani? Alimjua kabla? Alimtaja kwa nani wa kwanza alipofika ufukweni? Maswali hayo yametoka kwenye shauri la Waziri Amani, lililoripotiwa mwaka 1980, ambapo Mahakama ya Rufani, ikiwa changa bado, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na hauwezi kutegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ninaamini hakuna uamuzi mwingine uliowatoa watu wengi zaidi kwenye mvua thelathini, kama wanavyoziita wafungwa. Haukusema neno hata moja kuhusu urefu wa adhabu.

Kwa kesi za mauaji, njia ilikuwa wazee wa baraza. Hadi marekebisho ya mwaka 2022 yalipolegeza sharti hilo, kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu haikuweza kuendeshwa bila wao, na jaji alitakiwa kuwafafanulia mambo yote muhimu ya sheria kabla hawajatoa maoni. Akisahau kuwaeleza maana ya nia ovu, au utetezi wa kuwa mahali pengine, au masharti ya ushahidi wa mazingira, Mahakama ya Rufani ilipokuja na vikao vyake iliweza kufuta mwenendo wote. Mtu aliyekuwa akisubiri kitanzi katika gereza la Butimba alirudishwa kuanza kesi upya, na familia ya marehemu nayo ikaitwa tena kueleza yaleyale miaka mingi baadaye, mashahidi wengine wakiwa wamehama au wamefariki. Ninawafikiria sana watu hao wa pili. Wanaambiwa haki imetendeka kwa sababu ya sentensi ambayo jaji hakuitamka, nao wala hawakuulizwa iwapo wanataka kitanzi au wanataka ukweli ujulikane kisha wakae na amani.

Halafu kuna nyama. Nyama haingoji kesi. Polisi huipeleka kwa hakimu siku hiyohiyo au kesho yake, hakimu huamuru iteketezwe, na kinachobaki kama kielelezo ni karatasi ya kuorodhesha mali. Kwa miaka mingi karatasi hiyo ilitosha. Mwaka 2019, katika rufaa iliyosikilizwa Mtwara, Mahakama ya Rufani ilirejea Mwongozo wa Jeshi la Polisi, namba 229 aya ya 25, ikasema mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu, asikilizwe, na ikiwezekana nyama ipigwe picha. Karatasi iliyopatikana bila kufuata hayo haina thamani. Uamuzi wa Mtwara ulisafiri haraka kuelekea Ziwa. Rufaa za Serengeti na Bunda zilizokuwa zikingoja zilianza kuanguka upande wa wafungwa moja baada ya nyingine, kwa swali lisilobadilika: alikuwepo nyama ilipopelekwa kwa hakimu? Katika rufaa nyingine za ukanda huo, mahakama hiyohiyo ilibaini kwamba marekebisho ya mwaka 2003 yalikuwa yameondoa maneno yaliyofanya kuingia hifadhini kuwe kosa chini ya kifungu kilichokuwa kikitumika.

Ninafurahi kwa kila mtu aliyetoka kwa njia hiyo bila kustahili miaka 20. Lakini tazama jinsi njia yenyewe ilivyo. Anayestahili miaka mitatu kwa paja la nyumbu anapata ama ishirini ama sifuri, na kinachoamua ni kama askari alimpandisha kwenye gari kumpeleka kwa hakimu siku ile au alimwacha mahabusu. Jangili halisi, anayeuza pembe za ndovu na mwenye fedha za wakili, hunufaika na mlango huohuo, tena hunufaika zaidi, maana wakili wake anajua mahali pa kuugonga. Mwenye kuumizwa na mfumo huu ni yule aliyekutwa na kiroba, aliyejiandikia sababu za rufaa kwa msaada wa mfungwa mwenzake, akasahau hoja moja.

Sitaki kupuuza kwa nini watu wengi wa kanda hii wanaitaka adhabu kali ibaki. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kupikia miaka nenda rudi. Watoto wenye ualbino wamekatwa viungo. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Machi 2015, Mwanza, wanne walihukumiwa vivyo hivyo kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino yaliyotokea Geita mwaka 2008. Mama wa Ukerewe au Sengerema anayemfungia mtoto wake ndani jua likizama ana haki ya kuuliza sheria inamlinda vipi. Ninachomjibu ni kwamba kitanzi kimoja kwa wote hakitofautishi muuaji wa kukodiwa na mjane aliyempiga mumewe baada ya miaka ya kipigo, ambaye wakili wake hakufaulu kuthibitisha kuchokozwa. Tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba hatatia saini hati ya kunyonga. Kwa hiyo hukumu ya kifo kwa vitendo imekuwa kukaa gerezani bila kujua mwisho, na jaji anayeitamka analijua hilo.

Wenzetu wanaokunywa maji ya ziwa hilihili walipita njia nyingine. Gereza la Luzira liko Kampala, karibu na bandari ya Port Bell. Kutoka huko wafungwa zaidi ya 400 waliohukumiwa kifo, jina la Susan Kigula likiwa mbele, walifungua shauri ambalo Mahakama ya Juu ya Uganda ililimaliza Januari 2009. Majaji hawakufuta adhabu ya kifo. Walisema jaji hawezi kulazimishwa kuitoa, na aliyekaa miaka mitatu bila kunyongwa baada ya rufaa yake kumalizika ahesabiwe kuwa na kifungo cha maisha. Majalada yakarudi Mahakama Kuu, watu wakasikilizwa upya kuhusu adhabu pekee. Kigula alipewa miaka 20, na mwaka 2016 akatoka. Kenya ilifuata Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu. Mahakama za chini zikaupokea uamuzi huo kwa shauku, zikaanza kuutumia hata kwa wizi wa mabavu na makosa ya kingono, hadi Mahakama ya Juu ilipotamka Julai 2021 kwamba ulihusu mauaji tu. Kwa hiyo Kenya nayo haijamaliza, lakini jaji wa Kisumu anayemtia mtu hatiani kwa mauaji humuuliza habari zake kabla ya kuamua adhabu, na jibu lina kazi.

Kwetu, mwaka 2019 Mahakama Kuu iliyatupa maombi ya wakili Jebra Kambole ya kupinga adhabu ya kifo ya lazima, kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha kuzibwa na uamuzi wa 1995. Jibu tofauti lilitoka Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kunyonga kunavunja utu. Iliipa Tanzania mwaka mmoja kuliondoa sharti hilo katika sheria. Wiki moja kabla, tarehe 21 Novemba, serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Kuanzia Novemba 2020 mlango huo ulifungwa kwa maombi mapya.

Waliowahi kuingia waliendelea kusikilizwa, na Gereza Kuu la Butimba lilikuwa na wengi. Mmoja wao, aliyefungwa miaka 30 kwa kubaka, alipewa fidia ya Sh 300,000 mwaka 2018 kwa sababu alishtakiwa, akahukumiwa na akakata rufaa bila wakili, ilhali serikali ilikuwa na wajibu wa kumpa. Mwingine ni mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 2011. Tarehe 1 Desemba 2022 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba haki yake ya kuishi ilivunjwa, si kwa kuwa hakuua, bali kwa kuwa jaji wake hakuachiwa nafasi ya kupima adhabu. Ikaagiza asikilizwe tena kuhusu adhabu hiyo, ndani ya mwaka mmoja.

Agizo la namna hiyo likifika Mwanza, jaji atafanya nini nalo? Afungue faili, amwite mwanamke huyo kutoka Butimba, amsikilize wakili wake akieleza maisha yake, umri wake, miaka aliyokwisha kukaa. Akimaliza atafungua Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha mauaji kitamwambia yaleyale kiliyomwambia mwenzake mwaka 2011. Kuna wanaosema jaji ana uwezo wa kuutii mkataba wa kimataifa ambao nchi imeridhia. Mimi niko nao, na ningependa kumwona jaji mmoja wa Kanda ya Ziwa akiandika hivyo kama Mwalusanya alivyoandika. Lakini haifai maisha ya mtu yategemee ujasiri wa jaji mmoja. Marekebisho yanayohitajika hayazidi mstari mmoja wa muswada. Mwanasheria Mkuu anaweza kuupeleka Dodoma kikao chochote, na wabunge wa Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga, ambao wapiga kura wao ndio wanaojaza Butimba na ndio wanaozika waliouawa, wana sababu kuliko wote ya kuudai.